Meno Ishirini na Mawili

Kuna maneno mawili yanayozunguka mtaani kuhusu marehemu fundi, na yote mawili ni uongo. La kwanza linasema alilichezea gari la shemeji yake kwa makusudi, kwa kuwa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. La pili, ambalo husemwa na watu wale wale wakishachoka na la kwanza, linasema gari halikuwa na kasoro yoyote, ila fundi alikwenda mahakamani akatunga hadithi ili kumwokoa ndugu wa mkewe. Mtu hawezi kumwangamiza shemeji yake na papo hapo kumwokoa, lakini ulimi hauna mfupa, na wenye midomo hawajawahi kuulizwa ushahidi. Basi yaandikwe yaliyotokea, na mwenye macho asome.

Alikuwa fundi wa magari kwa miaka thelathini na minne, katika karakana ya mabati yenye shimo moja la kuingilia chini ya gari, meza moja ya mbao nzito, na jiliwa la kubania vyuma lililofungwa kwenye meza hiyo kwa boliti nne. Hakuweka ubao wa jina. Alisema anayemtafuta atauliza. Watu walimwita Kipimo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila gari la zamani lina gia ndogo ya plastiki, haizidi kidole gumba, inayokaa ubavuni mwa giaboksi na kuuzungusha waya unaopeleka habari za mwendo hadi kwenye spidomita. Gia hiyo ikiisha meno, sindano hulala. Mafundi wengine walitazama rangi ya ile ya zamani, wakatafuta ya rangi hiyo, wakaichomeka, kazi ikaisha. Kipimo alihesabu meno. Alitia chaki kwenye jino la kwanza, akahesabu kwa sauti, mara tatu, na namba akaiandika kwenye mwimo wa mlango wa karakana. Kisha alilitoa gari hadi barabara kuu penye nguzo za kilomita, saa yake ya mkononi ameifunga kwenye usukani, akaendesha kutoka nguzo hadi nguzo na kulinganisha. Mteja akinung'unika kwamba anacheleweshwa, alimjibu, "Heri gari bubu kuliko gari mwongo."

Mwimo ule ulijaa namba hadi ukawa mweupe.

Mkewe alikuwa mwalimu wa sekondari, na alitoka katika nyumba ya watu wa kalamu. Kipimo alipokwenda kuposa, wajomba walimuuliza amesoma hadi wapi. Akajibu kwamba amesoma magari, na bado hajamaliza. Wajomba wakatazamana. Aliyemtetea ni kaka mkubwa wa binti, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mkuu na baadaye akawa mkaguzi wa shule. Alisema, "Mikono ya huyu ni michafu, lakini maneno yake ni safi. Mpeni." Wakampa. Kwa hiyo wanaosema wawili hao walichukiana wajiulize ni nani aliyefungua mlango wa ndoa ile. Tangu siku hiyo Kipimo hakuwahi kumketisha shemeji yake kwenye kiti kibovu, wala kumwambia neno "subiri". Kwake lilikuwa deni la heshima, na heshima ile ndiyo iliyomponza.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu asiyejua kupamba maneno. Aliwahi kusema mbele ya wageni, kijiko kikiwa bado mdomoni, "Dada, chumvi ya leo umeiacha dukani." Walimu walimwogopa, kwa sababu ukimwambia wanafunzi ni arobaini, alisimama mlangoni akawahesabu. Alikwisha kuwafukuzisha kazi watu watatu kwa kudanganya kwenye rejista. Uongo kwake haukuwa na ukubwa wala udogo.

Gari lake lilikuwa la kijivu, lina umri mkubwa kuliko kitindamimba wake. Alilileta karakana siku ya Jumatatu, akashuka akiwa amekunja uso.

"Shemeji, chombo hiki kinatetema kama mtu mwenye homa."

"Kikiwa mwendo gani?"

"Ningejuaje, na sindano imelala tangu mwezi uliopita? Lakini kabla haijalala, mtetemo ulikuwa ukianza kwenye themanini kamili. Nikiusikia matakoni, napunguza. Umenilea miaka mingi."

"Basi safari hii tutakunyang'anya mlezi," Kipimo akasema, na wote wawili wakacheka.

Aliingia shimoni, akaishusha shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Bushi ya mkiani mwa giaboksi, ile pete ya shaba inayoishikilia shafti isiyumbe, ilikuwa imelika upande mmoja kiasi kwamba ukucha uliingia kati yake na chuma. Raba za kushikilia giaboksi zilikuwa zimepasuka, na zile za nyuma zilikuwa zimegeuka ugoro. Alizitoa zote. Bushi ya zamani aliikata kwa msumeno wa chuma taratibu, nyuzi kwa nyuzi, asikwaruze nyumba yake, kisha akaisukuma mpya kwa jiliwa na kipande cha mbao ngumu. Alifanya kazi hiyo siku mbili nzima. Hakuna fundi katika mji ule angeifanya vizuri zaidi, na hili halisemwi kwa mapenzi.

Siku ya Jumatano asubuhi ilibaki gia ya spidomita. Alipoichomoa aliguna. Meno yalikuwa yamelika yote, yamebaki visiki kama ya mzee aliyetafuna mifupa maisha yake yote. Hakukuwa na cha kuhesabu. Alivuka barabara hadi kwa muuza spea, akaiweka ile gia kwenye kaunta. Muuza spea alichimbua kopo la gia zilizotolewa kwenye magari mengine, akapata moja nzima, ya kahawia, sawa na ile.

"Pacha hao, Kipimo. Usiwahesabu, utawatukania mama yao."

"Nitawahesabu mezani kwangu, wewe usiwe na wasiwasi."

Kipimo alijua kuliko mtu yeyote kwamba rangi haina maana. Gia hizo hutoka kiwandani nyekundu, nyeupe, kijani, kila rangi na idadi yake ya meno, lakini zikikaa kwenye mafuta ya giaboksi miaka kumi, zote huwa kahawia, kana kwamba ni watoto wa baba mmoja. Na alikuwa na kijitabu cha gari lile kabatini, kinachoonyesha gia yake ina meno mangapi. Alirudi akiwa na nia ya kukifungua.

Akamkuta shemeji yake amesimama mlangoni, kavaa koti, mkoba wa mafaili mkononi.

"Shemeji, nimetumiwa ujumbe. Kuna shule imefungua mitihani kabla ya saa yake. Lazima nifike kabla ya saa sita. Kama bado, sema, nikapande basi."

Mteja mwingine yeyote angeambiwa akae. Angeambiwa, "Kaa, bwana, au panda hilo basi," na asingejibu. Kipimo alimtazama mtu aliyesema "mpeni" mbele ya wajomba, akiwa na koti na mkoba, akiomba ruhusa ya kwenda kugombea kiti cha basi wakati gari lake liko pale.

"Basi la nini, shemeji? Dakika kumi."

Akaichomeka gia bila kuihesabu. Mwimoni hakuandika kitu siku ile. Walizunguka mtaa mara moja, sindano ikainuka vizuri, na gari halikutoa hata mnong'ono.

"Kimya!" Mkaguzi akasema. "Limekuwa kitanda hili."

Akaondoka. Alifika shuleni mapema kuliko alivyotazamia, akadhani gari limepata nguvu mpya, na alilisifu mbele ya walimu. Alasiri, akirudi, alifika kwenye kona iliyo kabla ya daraja dogo la kijito. Kibao cha kona ile kinaruhusu themanini. Alitazama sindano, ilikuwa kwenye themanini. Gari halikumshika. Liligonga ukingo wa daraja kwa ubavu wa kushoto, likageuka, likaishia kijitoni na magurudumu ya mbele kwenye tope. Mguu wake wa kulia ulinaswa chini ya dashibodi, na madaktari waliukata chini ya goti.

Kipimo alikwenda hospitali siku ya tatu, pamoja na mkewe. Mgonjwa alikuwa amepauka, lakini akili yake ilikuwa timamu.

"Trafiki wamepima alama za matairi," alisema. "Wanasema nilikuwa karibu na mia. Shemeji, nilikuwa themanini. Niliiangalia sindano kwa macho yangu haya."

"Pumzika, shemeji."

"Nikiwa themanini, niseme mia? Zamani lingetetema, ningejua. Siku ile lilinyamaza."

Kipimo aliinuka akaaga. Mkewe alidhani ni huzuni. Kipimo alipofika nyumbani hakula. Alikuwa amekwisha kuelewa nusu ya jambo, na hiyo nusu nyingine hakutaka kuielewa.

Gari lilivutwa hadi uwanja wa kituo cha polisi, na uwanja ule uko njiani kutoka nyumbani kwake kwenda karakana. Wiki tano alipita nje ya ua ule bila kuingia. Hili nalo liandikwe, kwa sababu wanaomsifu kupita kiasi ni ndugu wa wanaomsengenya. Wiki tano aliogopa.

Wakati huo Mkaguzi alishtakiwa kwa kuendesha ovyo, na maneno yake ya themanini yakawa mzaha. Walimu aliowakagua walipata siku yao. "Leo rejista imemgeukia," walisema. Wale watatu waliofukuzwa walikuwa wakicheka hadharani. Mguu hakuulilia mbele ya mtu. Alichokilalamikia kila alipotembelewa ni kimoja: "Wananiita mwongo. Mimi!"

Siku tisa kabla ya kesi, Kipimo aliingia uwanjani na kumwomba koplo wa zamu amruhusu kutazama chini ya gari. Koplo akasema hawezi kumwacha peke yake na kielelezo, akachukua tochi akachuchumaa naye. Boliti inayoishikilia gia ilikuwa imefunikwa na tope la kijitoni lililokauka likawa kama saruji, na Kipimo alilazimika kulibandua kwa bisibisi. Alichomoa gia. Alitoa chaki mfukoni, akatia alama kwenye jino la kwanza, akahesabu. Koplo aliona midomo yake ikienda mara tatu.

"Vipi, fundi, una mganga humo?" koplo akauliza.

"Afande, niandikie kitabuni kwamba nimeitoa hapa mbele yako, na kwamba imerudi mahali pake."

Koplo aliandika bila kujua anaandika nini. Kipimo alikwenda karakana, akafungua kijitabu. Gari lile lilitakiwa kuwa na gia ya meno kumi na manane. Aliyoiweka ilikuwa na ishirini na mbili. Gia yenye meno mengi huzunguka polepole, na sindano hupungukiwa. Alipiga hesabu kwa penseli ukingoni mwa ukurasa: sindano ikisema themanini, gari liko tisini na nane. Na bushi zile alizozitia kwa ustadi wote zilikuwa zimeondoa mtetemo, ambao ndio pekee ungemwambia shemeji yake ukweli. Kazi yake nzuri na kazi yake mbaya zilikuwa zimeshikana mikono.

Alimweleza mkewe jioni ile, mezani, kijitabu kikiwa wazi kati yao.

"Nani mwingine anajua?" mkewe akauliza.

"Mimi. Na sasa wewe."

"Na koplo?"

"Koplo ameona kiplastiki."

Mkewe alikifunga kijitabu. "Basi kiache hivyo. Kaka hafungwi kwa kosa hili. Ataonywa, ataachiwa, watu watasahau. Wewe hawatakusahau. Ukisema neno hili, karakana imekufa, na watoto wetu wataitwa watoto wa yule aliyemkata mjomba wao mguu."

"Wataitwa."

"Unasikia ninachosema, baba watoto?"

"Nasikia, Mwalimu. Unazungumzia jina letu. Kaka yako naye ana lake, na hana lingine. Mguu nimekwisha kumchukulia. Nimchukulie na neno lake?"

Mkewe alisema mambo mengine jioni ile, na mengi yalikuwa makali. Hakumwambia aende. Wanaosema kwamba yeye ndiye aliyemtuma mumewe kumwokoa kaka yake wajue hivyo: alimkataza, siku tisa mfululizo, na siku ya kumi alimpigia pasi shati kwa sababu mume wake hawezi kusimama mbele ya hakimu na shati lililokunjamana.

Mahakamani palijaa. Wengi walikuwa walimu. Kipimo aliposimama kizimbani mwa mashahidi, mwendesha mashtaka alimuuliza kwanza mshtakiwa ni nani kwake.

"Ni shemeji yangu. Kaka wa mke wangu."

Watu wakacheka. Hakimu akawanyamazisha.

"Na leo umeamka ukakumbuka kwamba ulikosea?"

"Sikuamka leo, mheshimiwa. Tangu nilipojua sijalala."

"Tutajuaje kwamba gia hiyo hukuiweka wewe wiki iliyopita?"

Hapo ndipo koplo aliposimamishwa, na maneno yake yako kwenye kumbukumbu za mahakama kwa yeyote anayejua kusoma. Alisema boliti ilikuwa na tope la kijito juu yake, kavu, halijaguswa, na kwamba tochi aliishika mwenyewe. Hakimu alimwamuru karani aihesabu gia iliyoletwa na koplo kama kielelezo. Karani akaigeuza geuza, akasema ishirini na moja.

"Tia alama jino la kwanza," Kipimo alisema kwa upole, kama anavyomwambia mteja.

Karani akatia wino. Ishirini na mbili. Hakimu alikisoma kijitabu mwenyewe. Kisha akamtazama Kipimo.

"Wewe ni fundi wa miaka mingi. Kwa nini hukuhesabu?"

"Kwa sababu alikuwa shemeji yangu. Mgeni ningempimia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliachiwa, na hakimu alisema waziwazi kwamba mshtakiwa alisema kweli kama sindano ilivyomwonyesha. Fundi alipewa onyo kali mbele ya watu wote. Alilipokea akiwa amesimama wima. Mkaguzi alitoka kwa magongo kupitia mlango wa pembeni, hakugeuza shingo.

Yaliyofuata yalikuwa kama mkewe alivyosema. Wateja walipungua hadi siku nyingine jiliwa halikufunguliwa. Jina la Kipimo likafa, na mahali pake pakaja jingine. Muuza spea, ambaye kopo lilikuwa lake na ulimi ulikuwa wake, ndiye aliyelianzisha.

"Ishirini na Mbili!" alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Leo umempaisha nani?"

"Lete gari lako," fundi alimjibu, "tuhesabu pamoja."

Na kweli, tangu hapo kila aliyebaki alihesabu pamoja naye. Alimpa mteja chaki, awe bwana au bibi, kijana au mzee, akamwambia, "Wewe kwanza." Hakulifunga pengo la siku ile mwimoni. Kati ya namba ya Jumanne na namba ya Alhamisi aliacha nafasi tupu, na aliyemuuliza alimwambia kilichotokea, bila kupunguza. Aliishi hivyo miaka sita zaidi, hadi moyo wake uliposimama akiwa mezani kwake.

Mkaguzi hakusema naye miezi miwili. Kisha Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alikuja nyumbani kwao kwa magongo yake mapya, akapanda ngazi tatu za baraza bila kukubali kushikwa mkono. Fundi alimfungulia. Waliingia sebuleni, wakafunga mlango, na hawakutoka hadi adhuhuri. Baada ya siku hiyo alikuja kila Jumamosi, na siku ya maziko alisimama kaburini kwa mguu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakataa kiti.

Sasa watu wanauliza kama alimsamehe, na kama alimsamehe, alisema nini. Mkewe alikuwa upande wa pili wa mlango ule, na kuta za nyumba ile ni nyembamba. Alisikia kila neno. Waliosema ni wawili. Mmoja amezikwa, na mwingine hajatoa ruhusa. Kilichosemwa hakitaandikwa hapa, wala hakitasemwa sokoni, mlangoni au msibani. Anayetaka kujua zaidi na aendelee kutaka.